Nilifunga Bomba la Draya kwa Neti ya Mbu, na Sasa Elvis Ndiye Anafukuzwa

Auntie Nelima mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo nje ya nyumba yangu hapa Kawangware, nisaidie kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa kuna mtu atafutwa kazi kwa kosa langu na ni mimi peke yangu ninayejua, nikisema nitafutwa mimi, na nikinyamaza sijui kama nitaweza kusimama tena kanisani nikaimba na wenzangu.

Kwa miaka tisa nilikuwa mama fua, nilikuwa nakaa na wenzangu kwenye ukuta kando ya barabara tukingoja mtu apunguze gari aulize nani anafua vizuri, na nimefua kila kitu Auntie, nimefua mapazia ya watu ambao sijawahi kuona sura zao, na ngozi ya vidole vyangu imetoka na kumea tena mara nyingi. Kufua si shida, shida ni kukausha. Julai hii ya baridi unafua Jumatatu, inafika Alhamisi na suruali bado ina maji kwenye mshono, inaanza kunuka, na mwenyewe anakuuliza ulitumia maji gani. Hapa kwetu kamba ni ya zamu, kila nyumba kwenye plot yetu ya kupanga ina siku yake, na siku yako ikinyesha basi umekosa mpaka wiki ijayo, na nimeona watu wazima hawasalimiani mwaka mzima kwa sababu mmoja alianika siku ya mwenzake.

Sasa mwaka jana Rahab, mama mmoja ambaye nilikuwa namfulia nyumbani kwake, alifungua dobi, duka la kufulia nguo kwa mashine, hapa karibu na stage ya matatu akaniita nifanye kazi naye, na sababu ya kuniita mimi kati ya wote ni kwamba siku moja nilipata pete yake ya ndoa kwenye mfuko wa aproni nikampelekea, alikuwa ameshalia juu ya hiyo pete wiki mbili. Tangu siku hiyo ananiamini kabisa, hata ufunguo wa dobi ninao mimi. Sisi wafanyakazi tunamwita Madam.

Siku ya kwanza kuona draya, ile mashine ya kukausha nguo, Auntie, sitaisahau. Anayeiendesha ni Elvis, baba wa watoto wawili, anatembea kutoka Gatwekera, kule Kibera, kila asubuhi na hajawahi kuchelewa. Aliniona nimesimama mbali akacheka, akaniambia, "Mathe, kuja uweke mkono hapa kwa kioo. Hii kitu haiumi." Tukaingiza blanketi, lile zito la watu wawili, ambalo kwa mkono lazima mshike huku na huku mkamue mpaka mabega yaume na bado lichukue siku tatu kwenye kamba. Nikapiga magoti sakafuni nikaliangalia likizunguka na kuanguka, likizunguka na kuanguka, na baada ya dakika arobaini Elvis akafungua mlango akaniwekea mikononi na lilikuwa kavu, kavu kabisa, la moto, limefura, nikaliweka usoni na nikalia mbele ya watu, na sikuona aibu. Nilikuwa nafikiria miaka tisa. Nilimuuliza Elvis, jua limeingiaje humu? Akaniambia, "Ni stima tu, mathe," lakini mimi mpaka leo siamini ni stima tu.

Draya hiyo ina bomba nyuma, nene kama mguu wa mtu, linapita kwa mabati na kutokea kwenye korido ya plot iliyo nyuma yetu, na hewa yote ya moto inatokea hapo. Asubuhi za baridi ungekuja uone. Ule mvuke unatoka mweupe unajaza korido, unanuka sabuni, na wamama wa ile plot wanatoka na leso zao wanasimama mbele ya bomba wamenyoosha mikono, na hakuna anayepiga kelele, hata wale ambao hawaongei kwa sababu ya kamba wanasimama pamoja. Mimi nilikuwa natoka nje kuwaangalia tu. Nilikuwa najiambia, huu ni mkono wa Mungu unatoka kwa ukuta wa dobi.

Mmoja wao ni Ndunge, tunatoka naye Kitui, ana mtoto ambaye wakati huo alikuwa na wiki tatu, na nyumba yake ndiyo imeshikana na ukuta wetu. Akaniambia, "Mama Kasiva, hii joto inapotea bure na nepi zangu ziko na maji tangu juzi. Si uniwache nifunge kakamba hapa?" Nikamwacha, ningekataaje? Nepi zilikauka kabla hajamaliza kupika uji. Wengine walipoona wakaomba pia, na ndani ya wiki moja kulikuwa na zamu ya bomba kama ile zamu ya kamba, Jumatatu nyumba ya kwanza, Jumanne ya pili, wakaandika kwa chaki ukutani.

Lakini lile bomba linatoa pia manyoya ya nguo, yale madogo ya kijivu, yanashika kila kitu kilichoanikwa, na mtoto wa Ndunge akaanza kupiga chafya. Akaniuliza kama hakuna kitu ninaweza kuweka. Auntie, hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa roho safi. Nilikata neti ya mbu kuukuu, nikaikunja mara mbili, nikaivalisha kwenye mdomo wa bomba na kuifunga kwa blada, ule mpira wa ndani ya tairi, kama unavyofunga mtungi wa maji ili wadudu wasiingie. Ilifanya kazi vizuri sana. Nepi zikatoka safi, Ndunge akaniombea baraka, na mimi kila jioni nilikuwa nazunguka nyuma kuikung'uta, halafu ikawa kila siku mbili, halafu kazi ikawa nyingi na nikasahau, nadhani nilisahau wiki tatu au zaidi.

Draya ikaanza kuchelewa. Nguo za dakika arobaini zikawa za saa nzima, halafu saa moja na nusu, na zilikuwa zinatoka za moto sana lakini zina unyevu, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa ameliona. Wateja wakaanza kulalamika, na Madam akamwambia Elvis anajaza mashine kupita kiasi. Elvis akapunguza nguo, bado. Kisha Jumanne iliyopita asubuhi tukasikia harufu kama ya pasi iliyosahaulika, na blauzi ya mteja ikatoka na doa la kahawia, na nyuma ya mashine kulikuwa na joto huwezi kuweka mkono. Madam akampigia fundi Nzuki simu mbele yetu, na mimi niliposikia anasema aangalie mpaka bomba, nikabeba karai kama mtu anaenda kumwaga maji, nikazunguka nyuma nikaitoa ile neti. Ilikuwa imelowa, imeshikana, nzito kama unga uliokandwa. Nikaificha chini ya leso.

Fundi akavuta mashine mbele akafungua bomba, akaingiza mkono na kuanza kuvuta. Auntie, sijui nieleze vipi. Ilitoka. Ikaendelea kutoka. Tulidhani imeisha na bado ilikuwa inatoka, kitu kirefu laini cha kijivu, kikafika mlangoni, kikalala sakafuni kirefu kuliko Elvis, na kilikuwa na mistari, hapa rangi ya waridi, na nikajua hizo ni taulo za saluni, hapa kijani, ni masweta ya shule, hapa nyeupe, nikajua ni mashuka ya mzee mmoja, mteja wetu aliyefiwa, yaani ni sisi wote, mtaa mzima ulikuwa umelala pale sakafuni. Na ule mwisho uliokuwa karibu na mashine ulikuwa mweusi. Nzuki akaubonyeza ukavunjika vidoleni mwake. Akasema polepole, "Hii ilikuwa imeshaanza kuungua. Ingeshika, hamngekuwa na dobi, na hao watu wa nyuma hawangekuwa na nyumba. Sijui ni nini ilizuia."

Madam akauliza ni kosa la nani. Nzuki alizunguka nyuma akakuta mdomo wa bomba uko wazi, kwa hivyo akasema labda ni chujio la mlangoni, lile linaloshika manyoya, halisafishwi, na kusafisha chujio ni kazi ya Elvis. Elvis akasema, "Madam, hiyo kitu nasafisha kila round, haki ya Mungu." Kisha akageuka kwangu. "Mathe, si unanionanga?"

Auntie, huwa namwona. Huwa namwona kila siku. Nikasema, "Mimi nilikuwa upande wa pasi."

Madam akamwambia aende nyumbani, Ijumaa ya wiki hii atamwita amwambie kama bado ana kazi. Elvis akachukua jaketi yake akatoka, na hakunitazama tena. Na kuna lingine. Jana nilizunguka nyuma nikaona Ndunge, kwa sababu neti imeenda na hajui kwa nini, ameshaweka soksi ndefu ya shule kwenye bomba na kuifunga kwa kamba. Nikarudi ndani bila kuitoa, maana nikiitoa ataniuliza sababu, na nikimwambia sababu plot yote itajua, na Madam atajua. Mashine inazunguka leo.

Nifanye nini nisipoteze kazi, na Elvis asipoteze yake? Nitamwambiaje mtu aliyeniamini kwa sababu ya pete? Tafadhali usiweke jina langu.

Ni mimi, niliyefunga bomba.

*

Dada yangu, weka gazeti chini sasa hivi. Zunguka nyuma, toa hiyo soksi, kisha urudi umalizie kusoma. Sitanii. Yale mengine yote uliyoandika yana nafasi ya kungoja saa moja au mbili, lakini hilo halina.

Umerudi? Haya. Majina nimeyabadilisha yote, usihofu. Barua yako nilianza kuisoma nikiwa nimekaa nikaimaliza nimesimama. Mimi nimezaliwa Mashimoni, huko Kibera, na nimeuona moto wa mabati kwa macho yangu. Mtu anapiga kelele mara moja, unageuka kuchukua mtoto, na ukigeuka tena nyumba tano hazipo. Moto huwa haungoji uvae viatu. Kwa hivyo ulipoandika kwamba ule mwisho ulikuwa mweusi, nilishika meza. Fundi alisema hajui ni nini kilizuia, na mimi pia sijui, na nimekuwa nikiliwaza jambo hilo tangu juzi. Kitu kilianza kuungua, kikaacha. Upande wa pili wa bati mtoto wa Ndunge alikuwa amelala. Kwa wengine hakikuacha. Kwenu kiliacha.

Hukuniandikia namba ya simu wala jina la dobi, na gazeti linatoka kesho. Basi jana nilivaa raba nikashuka Kawangware kukutafuta. Nilizunguka nyuma ya dobi nne, nikitazama mabomba kama mtu aliyerukwa na akili. Sikupata soksi, kwa hivyo sikukupata wewe. Lakini katika hizo nne nilikuta mabomba mawili yamezibwa. Moja limewekewa gunia ili panya wasiingie, na lingine kuna mtu alikuwa ameliegemeza godoro kuukuu lipate joto. Niliingia ndani nikawaambia wenye dobi, na mmoja alinifukuza kwanza, kisha akaenda kuona mwenyewe, akarudi akazima mashine. Kwa hivyo usidhani wewe ndiye mjinga peke yako mjini. Hivi vitu vimetufikia kabla mtu hajakaa nasi chini kutueleza. Tunapenda joto lao bila kujua lazima litoke.

Hapo nimekuonea huruma, na huruma imeishia hapo. Kufunga bomba ulikosea bila kujua. Lakini neti uliitoa ukijua. Uliificha chini ya leso ukijua. Mwenzako alipokuita uwe shahidi wake mbele ya watu, ulijitia upande wa pasi ukijua. Na baadaye uliona soksi ukairudia mashine, ukaiacha izunguke, ukijua zaidi kuliko mtu yeyote katika mtaa huo, maana wewe uliona ule weusi. Umeniambia mvuke ule ni mkono wa Mungu. Dada, ukaufunga kwa blada, ukanyamaza, na bado unaniuliza kuhusu kuimba?

Unataka nikupe njia ya kubaki na kazi na Elvis abaki na yake bila mtu kujua. Haipo. Ningekuwa nayo nisingekupa, kwa sababu ukinyamaza kuhusu bomba hakuna atakayelilinda wiki ijayo. Leo ni soksi, kesho jirani mwingine mwenye mtoto na baridi atafunga sweta, na atakuwa na roho safi kama yako.

Kwa hivyo anza na wamama wa korido, leo hii. Waite wote, hata wale wasiosalimiana. Waambie neti ilikuwa yako na waambie kilichotoka ndani ya bomba, rangi kwa rangi, kama ulivyoniambia mimi, maana ulinisimulia vizuri mpaka nikaiona. Wakielewa, watalilinda bomba hilo kuliko fundi yeyote. Mdomo wake ukae wazi, asiegemeze mtu kitu chochote hapo. Kamba yao iende mbali nalo, hatua kadhaa, na nepi zikung'utwe vizuri kabla hazijamgusa mtoto. Na bora zaidi, nepi za Ndunge zisikae hapo kabisa. Muombe Madam zipitishwe kwenye draya yenyewe mwisho wa siku, mashine ikiwa bado ina joto. Ni dakika chache tu. Akikataa, umejaribu.

Ndani ya dobi, chujio lisafishwe kila mzunguko, kama Elvis alivyokuwa akifanya. Bomba lifunguliwe na kusafishwa mpaka mwisho kila mwezi, na kila siku mtu azunguke nyuma aone kama hewa inatoka kwa nguvu. Nguo zikianza kuchelewa kukauka, au zikitoka za moto na zina unyevu, msimlaumu anayejaza. Zimeni mashine mtazame bomba. Mkisikia harufu ya kuungua, zimeni stima na mtoe watu nje, wa mbele na wa nyuma, halafu ndiyo muite fundi. Nimeandika haya kwa ajili yako, na kwa kila mtu aliye na mashine hiyo na hajawahi kuangalia nyuma yake.

Sasa Madam. Usingoje Ijumaa. Ijumaa atakuwa ameshaamua, na ukiongea baada ya uamuzi utaonekana umesukumwa. Nenda leo, chukua ile neti kama bado unayo, uiweke mezani mbele yake. Usianze na pete. Usianze na miaka tisa, wala vidole, wala mtoto wa Ndunge, ingawa yote ni kweli. Ukianza na hayo utakuwa unaomba huruma, na leo huombi kitu. Inawezekana atakufuta. Siwezi kukuahidi vingine, simjui. Ninalojua ni kwamba alikupa ufunguo kwa sababu ulimrudishia kitu chake ambacho hakujua kiko wapi, na leo una kitu kingine cha namna hiyo mkononi.

Ukitoka kwake, hata kama umetoka na nguo zako kwenye mfuko wa plastiki, usipitie nyumbani. Shuka Gatwekera kwa miguu, njia ile ile anayoipita Elvis kila asubuhi, umtafute mpaka umpate. Usimtumie ujumbe wa simu. Alikuuliza mbele ya watu, kwa hivyo ukimkuta na mke wake, ongea mbele ya mke wake. Anaweza kukufungia mlango. Ana haki.

Uliniuliza utamwambiaje Madam. Sema hivi: "Madam, bomba nililifunga mimi. Elvis alisafisha chujio kila siku, na mimi nilikuwa namwona." Halafu unyamaze, usimame hapo hapo, umngojee aseme.